Harusi au msiba? Safari ya kwenda kufurahi tu tunaiitaje?

#1 Katibu wa Vicoba

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha vicoba hapa Mbagala tulikodi Kosta kwenda Bagamoyo. Tulikuwa watu 23, wengi akina mama. Hatukuwa tunazika wala hatukuwa tunaoza. Tulifunga mzunguko wa mwaka, tukagawana, zikabaki hela kidogo kwenye mfuko wa jamii, na kwa mara ya kwanza kikao kikaamua zisiende kwenye sahani na viti vya kukodisha. Twende mahali tukapumzike siku moja, turudi.

Pale Bunju trafiki akatusimamisha. Sasa fikiria gari lilivyokuwa: vitenge sare, ngoma siti ya nyuma, ndoo ya pilau imefunikwa kanga, watu wanaimba. Afande akachungulia dirishani, akamuuliza dereva, "Harusi au msiba?"

Dereva kimya. Akatugeukia sisi. Mwishowe akasema, "Hapana afande, hawa wanatembea tu."

"Wanatembea na Kosta?"

Akakagua kibali, kikawa sawa, akaturuhusu. Lakini swali lake limenikaa hadi leo. Na si yeye peke yake. Wakati naandika tangazo kwenye kundi la WhatsApp nilianza na "Ziara ya Bagamoyo", mweka hazina akasema ziara ni ya waziri. Nikaweka "Matembezi", mama mmoja akaniomba nifute kabla mumewe hajaiona. "Safari" wakasema safari ni ya kwenda kwetu Songea na mabegi. "Utalii" wakaangua kicheko. Nikaishia kuandika "Twende Bagamoyo", basi.

Naomba neno. Watu wanaotoka asubuhi na kurudi jioni kwa ajili ya kufurahi tu, tunasema wamekwenda nini?

#2 Suka Mstaafu

Nimeendesha miaka 22, abiria na kukodi. Sisi madereva tuna mawili: tripu na spesho. Tripu ni hesabu, leo nimepiga tripu nane Kariakoo, au tripu tatu za mchanga. Gari likikodiwa likatoka nje ya njia yake, hiyo spesho. Hayo yako ni spesho.

Ila nikuambie ukweli, hata mwenye gari lazima aulize "spesho ya nini?" Msiba nilikuwa napunguza. Harusi naongeza, maana harusini watasimama kila mahali na hawarudi saa waliyosema. Nyie mlilipa bei gani?

#3 Katibu wa Vicoba

@Suka Mstaafu tulilipa ya harusi.

#4 Mwana wa Kibokoni

Ndugu zangu wa bara mwataabika bure. Neno lipo na ni kongwe: MANDARI. Kwenda mandari. Tulipokuwa wadogo Mombasa, siku ya mandari ilitungojesha kuliko hata Idi. Mama na shangazi zangu waliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Mahamri, mbaazi, viazi karai vilivyofungwa gazeti mpaka gazeti lote limelowa mafuta, birika kubwa la chai limevikwa taulo. Twavuka Likoni kwa feri, kila mtoto kabeba kitu chake. Mimi siku zote nilipewa mkeka, na ule mkeka ulikuwa mrefu kuniliko.

Tukifika twatandika, twala, twaogelea, twala tena, magharibi twarudi. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Ni mandari.

#5 Katibu wa Vicoba

Shukrani @Mwana wa Kibokoni. Neno ninalijua kwa mbali, nadhani nililisikia redioni utotoni. Shida ni kwamba nikiliandika huku Mbagala watu watadhani nimekosea "mandhari".

#6 Mpenda Kamusi

Na wakidhani hivyo hawatakuwa mbali sana. Mandhari tumelipata kwenye Kiarabu, mzizi ule wa kutazama, ndimo limo na nadharia. Mimi naona mandari ni mtoto wa nyumba hiyohiyo aliyeingia kwa mlango mwingine: watu wanakwenda mahali penye kutazamika, pana upepo, pana mti, pana maji. Mahali pakawapa jina la kitendo. Kiswahili hufanya hivyo sana. Baraza ni pale mnapokaa, halafu ni wale waliokaa, halafu unapata kubarizi.

#7 Mjukuu wa Shela

Kwa heshima @Mpenda Kamusi, kwetu Lamu tuliambiwa vingine. Ng'ambo ya Lamu kuna kisiwa cha Manda. Mtu akitaka kupumzika na watu wake, anapanda mashua kwenda Manda. Ndiyo mandari. Bibi yangu hakusema "mandari ya Manda", alisema mandari, na ilikuwa Manda siku zote.

#8 Mpenda Kamusi

Hadithi tamu na ningependa iwe kweli. Lakini ile "ri" mwishoni imetoka wapi? Na Waunguja ambao Manda yenu hawaijui wamelipataje?

#9 Mjukuu wa Shela

Maneno hupanda majahazi kama watu. "Ri" sijui kuieleza, nawe "dh" yako kugeuka "d" hukuieleza.

#10 Kaka wa Michenzani

Hapo umebanwa @Mpenda Kamusi 😀

Unguja mandari tunalo, ila kubwa kwetu ni vunja jungu. Ramadhani ikikaribia, siku chache kabla mwezi haujaandama, mji mzima unatoka. Magari ya mashamba yamejaa, watu wanakwenda Mangapwani, Nungwi, Bwejuu, wanapika huko huko. Sasa mwulize mtu: unakwenda mandari? Atakwambia hapana, nakwenda kuvunja jungu. Mambo yale yale, wali ule ule, bahari ile ile, lakini kuna mwezi unaokuja, basi kuna sababu. Na kule Makunduchi kila Julai ni Mwaka Kogwa. Huko watu wengi kutoka mjini wanakwenda kufurahi tu, ila mdomoni ni "nakwenda Mwaka".

Kwa hivyo yule trafiki wenu nadhani hakukosa maneno. Alikuwa anatafuta sababu.

#11 Binti wa Singida

Bandiko #10 limenigusa mahali.

Mama yangu aliiona bahari mara moja tu maishani, na alikuwa msibani. 1994, mjomba alifariki Tanga, wakakodi basi kutoka kijijini. Walipomaliza kila kitu, asubuhi ya kuondoka, wanawake wakamwomba dereva apitie Raskazone. Hakuna aliyesema "tukafurahi". Walisema "tukanawe miguu". Mama aliniambia alisimama ndani ya maji, kanga ameikunja magotini, mpaka dereva akapiga honi mara ya tatu. Alijaza chupa ya soda maji ya bahari, akaziba kwa mfuko wa nailoni na uzi, akaja nayo hadi Singida. Sisi watoto tulipanga foleni, kila mmoja akachovya kidole na kulamba. Mdogo wangu akalia kwamba ameharibiwa maji ya bibi kwa chumvi.

Mama hakuwahi kuita siku ile kwa jina lingine zaidi ya "tulipokwenda kumzika kaka". Naamini ilikuwa pia siku yake ya raha kubwa kuliko zote, na hakuwa na neno la kuitaja bila kujisikia vibaya. Ndiyo maana uzi huu nimeusoma wote.

#12 Katibu wa Vicoba

@Binti wa Singida Mungu amrehemu mama kama ametangulia. Nimemsomea mweka hazina wetu bandiko lako kwa simu, akakaa kimya kwanza.

#13 Binti wa Singida

Yupo hai, anawasalimu. Bado anaisimulia.

#14 Mzee wa Ilala

Vijana mnazunguka, ngoja niwape ya wazee. 1983 ilikuja Nguvu Kazi. Mtu wa mjini asiye na kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji, anapakiwa kwenye gari, anarudishwa kijijini kulima. Mimi nilikuwa kijana wa miaka 20. Ukiulizwa "unakwenda wapi?" hujibu "natembea". Unajibu "namsalimia shangazi mgonjwa", "nakwenda dukani kwa fulani, ameniita kazi". Tulizoea kuwa na jibu mfukoni kama kitambulisho. Jibu la "nimetoka kupumzika" lilikuwa la mtu mwenye cheo au mwenye wazimu.

Kwa hiyo mimi nasema kutembea bila sababu tulifundishwa kukuonea aibu. Zuru ni neno zuri, unazuru mgonjwa, unazuru kaburi. Weka "ra" mwishoni, umeshakuwa mhalifu.

#15 Mpenda Kamusi

Mzee, shikamoo. Zuru na zurura sidhani ni ndugu, kufanana tu. Zuru limetoka Kiarabu, kutembelea, ndiyo ziara. Zurura liko na akina randaranda na tangatanga, maneno yenye miguu ndani yake.

Halafu aibu ya kutembea ni ya kale kuliko 1983. "Mtembezi hula miguu yake" haikutungwa na serikali.

#16 Mzee wa Ilala

Marahaba. Nawe hukumaliza, wazee hao hao walisema "mkaa bure si sawa na mtembea bure". Walikuwa na pande mbili. Upande mmoja ndio uliopewa gari na askari.

Na mjue kutembea kuliwahi kuwa heshima kubwa. Oktoba 1967 Mwalimu alitoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu, kuunga mkono Azimio la Arusha. Nchi nzima vijana walikuwa barabarani. Yale yaliitwa matembezi na hakuna mke aliyeambiwa afute neno.

#17 Mke wa Fundi

Jamani naomba niseme kuhusu "matembezi" maana nadhani huyo mama wa #1 namuelewa kabisa. Kwetu Tabata ukisema "fulani anatembea na fulani" hawajaenda popote, wapo hapo hapo mtaani na watu wanajua. Mwaka jana tuliandaliwa na kanisa kwenda Pugu kupanda kilima. Nikamwambia mume wangu, "Jumamosi nina matembezi." Akaweka kijiko chini. "Na nani?" Nikasema na watu arobaini. Hakucheka. Ilibidi nimwonyeshe ujumbe wa mchungaji.

Sasa hivi nasema "kutoka kidogo". Haina ubaya.

#18 Kijana wa Rongai

Sasa wasee wa Bongo, mko na mambo. Huku Kenya "kutembea" haina shida, unakuja kwetu kutembea, unaenda Naivasha kutembea. Ya shule tunaita tripu. Mkuu wa madereva alisema tripu ni ya mchanga, lakini mimi nilienda tripu Nakuru nikiwa darasa la sita na sijawahi kusahau flamingo. Wikendi ikifika unauliza mabeshte, "Form ni gani?" Mtu anasema Ngong Hills, mnatoka. Kukitangazwa kwenye habari, wanasema "wakazi walijitokeza kujivinjari". Hiyo ndiyo nzuri rasmi: kujivinjari.

#19 Suka Mstaafu

Flamingo ulipelekwa na gari, au ulitembea? Basi ni spesho.

#20 Mpenda Kamusi

Kujivinjari nalipenda kwa sababu lilikotoka hakuna starehe. Kuvinjari ni kuzungukazunguka ukichunguza, kama chombo kinachopita na kurudi baharini kulinda. Wakenya wameliongezea "ji", lindo likageuka raha. Na waliotafsiri programu za kompyuta walipotaka jina la kile unachofungulia kurasa za intaneti wakachukua neno hilo hilo: kivinjari.

#21 Kijana wa Rongai

Kumbe niko kwenye kivinjari nikieleza watu kujivinjari. Sikujua hizo ni ndugu. Asante prof.

#22 Mpeleka Wageni

Niko Arusha, kazi yangu ni kupeleka watu hifadhini, kwa hiyo mnaposema mama wa Mbagala walicheka neno "utalii" mimi linaniuma. Miaka tunaambiwa utalii wa ndani, mabango kila mahali. Bado nikimpigia Mtanzania nimwambie "karibu utalii" anasikia kofia pana, darubini shingoni na dola. Getini bei ya raia na ya mgeni si moja, ya kwetu ni ya shilingi na ni ndogo mno ukilinganisha. Watu hawajui, kwa sababu wakisikia jina tu wamejitoa.

Nina swali kwa @Mpenda Kamusi. Kutalii asili yake nini? Nilishamsikia Mwarabu mmoja akiuita utalii "siyaha", halifanani kabisa.

#23 Mpenda Kamusi

Mgeni wako alisema sawa, Waarabu wenyewe utalii wanauita siyaha. Sisi tulichukua neno lingine, tālaʿa, kusoma, kukitazama kitu kwa makini. Humo ndimo lilimotoka mtalaa, yaani kusoma, na hata mtaala wa shule. Kwa hiyo mtalii kwa asili ni mtu anayesoma mahali kama mwanafunzi anavyosoma kitabu. Akina mama wa vicoba walikuwa na haki nalo kuliko watu wa darubini, kama walifika Bagamoyo wakatazama.

#24 Katibu wa Vicoba

Tulitazama sana! Tulikwenda Kaole kwenye magofu, tukapita misheni ya Wakatoliki pale alipofia Livingstone, halafu ufukweni.

#25 Mzee wa Ilala

Livingstone hakufia Bagamoyo. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watu wake, Susi na Chuma na wenzao, wakaubeba mwili hadi pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Pale misheni ulilazwa usiku mmoja kabla ya kuvushwa Zanzibar.

#26 Katibu wa Vicoba

Asante mzee, nitawasahihisha wenzangu. Aliyetutembeza pale alieleza vizuri, ni mimi niliyechanganya. Nilikuwa nimeshika ndoo ya pilau.

#27 Mshairi wa Chalinze

Na mnajua mmefika penye jibu bila kujua? Bagamoyo yenyewe ndiyo neno. Bwaga moyo. Wapagazi walitembea miezi kutoka bara na pembe na mizigo mabegani, wakifika pwani wanautua moyo. Kama kuna mji uliopewa jina la kupumzika, ni huo.

#28 Suka Mstaafu

Wengine wanasema ni kinyume. Ni waliofungwa minyororo ndio walioubwaga moyo pale, kwamba bara hawataliona tena.

#29 Mshairi wa Chalinze

Najua, na sitabishana juu ya maumivu hayo. Nasikia yote mawili nikifika pale. Nilichotaka kusema ni kwamba Kiswahili kinajua kuutua moyo chini kama mzigo. Tunashindwaje kuipa jina siku ya Jumamosi?

#30 Mwenyeji wa Goma

Jambo wote. Sisi huku Goma hatuna matata: Jumapili tunaenda kutembeya. Baada ya misa mtu anavaa vizuri, anachukua watoto, wanaenda kando ya Ziwa Kivu. Ukiuliza "munaenda wapi?" wanajibu "tunatembeya" na mambo imekwisha. Hayo ya "kutembea na fulani" ya Tabata nimecheka, lakini tunayo pia, inategemea sauti.

Mahali penye watu wametembea sana kwa kukimbia, mtu akisema anatembea kwa raha ni neno kubwa. Siwezi kulibadilisha na pikiniki.

#31 Kaka wa Michenzani

@Mwenyeji wa Goma karibu sana. Umesema jambo.

#32 Bibi wa Maskati

Assalamu alaykum wanangu. Nilizaliwa Ng'ambo, Unguja, niko Maskati tangu ujana. Wajukuu zangu huku wanasema "kashta". Baridi ikiingia, Alhamisi jioni gari zimejaa majiko, mazulia, mbuzi keshakatwa, wanakwenda mchangani Wahiba au kwenye mabonde yenye maji. Mimi nikiwaambia "mwaenda mandari" wananisahihisha! Nawaambia hilo kashta lenu limenikuta nina mandari yangu kutoka Unguja.

Joto likizidi wanakwenda Salalah. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna kharifu, mvua nyepesi na ukungu, milima inakuwa kijani. Watu wanatoka Ghuba yote, wanaendesha gari saa nyingi jangwani, kwenda kukaa kwenye manyunyu.

#33 Kaka wa Michenzani

Bibi shikamoo. Yaani wanasafiri kwenda kutazama mvua? Waje Aprili, masika yetu tunawapa bure na matope yake.

#34 Bibi wa Maskati

Marahaba mwanangu. Ucheke, lakini mara ya kwanza nilipoyasikia manyunyu ya Salalah usoni nililia. Miaka mingapi sijanusa udongo umelowa. Nilikaa nje na mtandio wangu mpaka ukadondosha maji, wanangu wananiita niingie garini, mimi sisikii.

#35 Kaka wa Michenzani

Nisamehe bibi. Sikujua nimegusa nini.

#36 Dada wa Sinza

Mmesahau maneno ya mjini jamani. Mtoko! "Wikiendi hii mtoko wapi?" Fupi, zuri, halina waziri wala shangazi. Na kula bata.

#37 Mzee wa Ilala

Sisi tulisema kutanua. "Jana walikwenda kutanua." Matanuzi.

#38 Katibu wa Vicoba

@Dada wa Sinza mtoko nililifikiria. Ila naona mtoko ni wa wawili watatu, jioni, mahali penye muziki na viatu virefu. Ndoo ya pilau haiendi mtoko. Na kula bata mweka hazina atadhani nimebadilisha chakula.

#39 Dada wa Sinza

Ndoo ya pilau inaweza kwenda mtoko, ni nyinyi mnaoionea aibu 😂 Kwa nini bata lakini? Kuku ndiye wa sikukuu.

#40 Suka Mstaafu

Kwa sababu bata hana haraka. Mwone anavyotembea.

#41 Mke wa Fundi

Mimi niliambiwa ni kwa sababu kuku kila mtu anaye, bata mpaka mambo yako yawe mazuri.

#42 Mpenda Kamusi

Hilo naliacha, tutahitaji uzi wake.

Lakini turudi kwa dada. Kuna neno hatujaligusa, likizo. Bibi yangu alikuwa akisema "kumlikiza mtoto", yaani kumwachisha ziwa. Nilishangaa nilipokua nikasikia walimu wako likizo. Mtu ameachishwa kazi kwa muda kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Na pikiniki alilolitaja @Mwenyeji wa Goma si la Waingereza, wao wenyewe walilitoa Ufaransa, na Wafaransa walikuwa nalo tangu karne ya 17. Kila mtu ameazima neno la kwenda kula nje. Sisi angalau tuna la kwetu, hata kama @Mjukuu wa Shela hataki nijue lilikotoka.

#43 Mjukuu wa Shela

Nakualika Manda ukalione. Tukivuka nitakupeleka na Takwa, magofu ya mji wa zamani. Kuna kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria, na wazee wa Shela huvuka kwenda kuomba mvua pale. Hiyo ni ziara. Lakini wakimaliza dua hula pamoja chini ya mti, watoto huoga baharini, mashua hungoja maji yajae ndipo irudi. Hapo sasa niambie ziara imeisha saa ngapi na mandari imeanza saa ngapi.

#44 Askari wa Zamu

Naomba na mimi. Ni trafiki, si yule wa Bunju, niko mkoa mwingine. Nimesoma kurasa zote.

Tunauliza "harusi au msiba" kwa sababu moja ambayo hakuna aliyeisema. Kama ni msiba, hatuwacheleweshi. Kuna mwili unasubiri, kuna watu wametoka mbali, nikianza kukagua tairi moja moja watazika bila ndugu yao. Kama ni harusi naangalia dereva, maana mara nyingi amepewa kitu cha kunywa. Siulizi ili nijue mnafurahi au mnalia. Nauliza nijue niwaangalie vipi. Anayejibu "wanatembea tu" ananiacha sijui nimweke wapi, na askari asiyejua hukagua kila kitu.

Miaka yangu yote barabarani sijawahi kujibiwa "tunakwenda kupumzika". Sijui ningefanya nini. Nadhani ningewaruhusu.

#45 Mzee wa Ilala

Afande umeongea vizuri. Miaka ile ungenijibu hivyo mimi nisingeogopa gari lenu.

#46 Suka Mstaafu

Dereva wa harusi kupewa kitu cha kunywa nakanusha kwa niaba ya chama. Tunapewa chakula.

#47 Katibu wa Vicoba

@Askari wa Zamu nashukuru sana, hilo sikuliwaza. Nilidhani anatuonea ajabu.

Niseme jambo moja lililonifanya nianzishe uzi, sikulisema mwanzo. Mweka hazina wetu ni mama wa miaka 61, anauza mihogo ya kukaanga stendi, hajawahi kukosa siku hata moja isipokuwa misiba. Pale ufukweni wenzake wanacheza ngoma, yeye alikaa pembeni kwenye mtumbwi mkavu, mikono mapajani. Nikadhani anaumwa. Nikamfuata. Akaniambia, "Katibu, nimekaa nusu saa na hakuna mtu ananidai kitu." Halafu akaniuliza kama ndiyo hivi watu wanavyofanya. Nikasema ndiyo. Akasema, "Kumbe."

Kikao cha jana wameamua tena. Safari hii ni Morogoro kwa treni ya SGR, iliyoanza 2024 na wengi wao hawajaipanda. Treni haisimamishwi Bunju. Natakiwa kuandika tangazo kabla ya Ijumaa.

#48 Mwana wa Kibokoni

Andika MANDARI YA MOROGORO. Wazoee.

#49 Mpeleka Wageni

Andika utalii. Nakuomba. Halafu ukifika Morogoro ongeza siku moja, Mikumi haiko mbali.

#50 Mke wa Fundi

Andika chochote isipokuwa matembezi.

#51 Binti wa Singida

@Katibu wa Vicoba treni hiyo inafika na Dodoma. Kutoka Singida hadi Dodoma basi ni asubuhi moja tu. Mnapokea asiye mwanachama? Nataka kumleta mama aje pwani, safari hii bila msiba. Tutashuka Dar, mtuonyeshe hiyo Kosta.

#52 Katibu wa Vicoba

Mlete. Mweka hazina anauliza anapenda pilau ya nyama au ya kuku.